Tofauti Kubwa au Tofauti Bainifu? Kauli kuhusu Jozi, Vipimo na Kiswahili cha Utafiti wa Tiba

Niruhusu nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri kwa Kiswahili muhtasari wa matokeo ya utafiti mmoja uliohusu shinikizo la damu, ili usomwe mbele ya watu walioshiriki. Kila mmoja wao alikuwa amepimwa mara mbili: kabla ya kuanza kutumia dawa na baada ya majuma kadhaa. Muhtasari wa Kiingereza ulisema kwamba baina ya vipimo hivyo viwili palikuwa na tofauti iliyoelezwa kwa neno significant. Mimi, kwa wepesi wa kalamu na uchache wa maswali, nikaandika "tofauti kubwa". Nikasoma, watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tukinywa chai, mzee mmoja akanijia na kadi yake ya kliniki mkononi. "Mwalimu," akasema, "umetuambia tofauti ni kubwa. Hebu nionyeshe yangu iko wapi." Nikaitazama kadi. Kipimo cha kwanza na cha pili vilipishana kwa milimita mbili. Nilimwambia aendelee kumeza dawa na kumsikiliza daktari wake. Aliitikia kwa adabu, lakini nilijua kwamba alikuwa ameninasa katika uongo.

Laiti kosa hilo lingekuwa langu peke yangu, ningelimeza na kunyamaza. Lakini sikiliza taarifa za redio na runinga, soma vijikaratasi vinavyobandikwa kwenye kuta za zahanati, pitia hata tasnifu zetu wenyewe zilizo maktabani, nawe utakuta maneno haya yakitumika kana kwamba ni visawe: tofauti kubwa, tofauti muhimu, tofauti ya maana, tofauti ya kimsingi. Kila mfasiri huchota lililo karibu na mkono wake, na msomaji hupokea alichopewa. Kwa maoni yangu, hili si suala la mapambo ya lugha. Mtu anayeambiwa kuwa dawa fulani imeleta tofauti kubwa huamua mambo. Atauza mbuzi ainunue, au ataacha kupunguza chumvi kwa kuwa dawa yamtosha, au, asipoiona tofauti hiyo katika mwili wake mwenyewe, ataitupa dawa jalalani pamoja na aliyemwandikia.

Baadhi ya wenzangu husema kuwa takwimu ni za watu wa sayansi na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana shughuli zake za mofimu na mashairi. Siafikiani nao. Tangu Katiba ya mwaka 2010 kukitaja Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, hatuna tena pa kujificha. Mgonjwa anayetakiwa kutia sahihi fomu ya kukubali kushiriki katika utafiti ana haki ya kuelewa anachokubali, na matokeo yakitoka ana haki ya kuyaelewa pia. Fauka ya hayo, ni nani miongoni mwetu ambaye hajaandika sehemu ya nadharia tete katika pendekezo lake la utafiti? Tunalitumia neno hilo kila mwaka. Ni wangapi tumewahi kuuliza jinsi nadharia tete inavyopimwa hadi ikakataliwa?

Ili tuelewane, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 jarida la Biometrika lilichapisha makala ya mwandishi aliyejiita Student, yaani Mwanafunzi. (Nadhani sisi wa chama cha wanafunzi tuna haki ya kulionea fahari jina hilo.) Jina lake halisi lilikuwa William Sealy Gosset. Alizaliwa Uingereza mwaka 1876, akasomea kemia na hisabati Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin. Kiwanda hakikupenda wafanyakazi wake wachapishe mambo kwa majina yao, basi akajipa lakabu, kama malenga wetu wafanyavyo kwa sababu nyingine kabisa. Shida yake ilikuwa shida ya kila mtafiti asiye na fedha: vipimo vichache. Hesabu zilizokuwapo zilimfaa mwenye vipimo mamia, ilhali yeye aghalabu alikuwa navyo vichache vya kuhesabika kwa vidole.

Mfano alioutanguliza kuieleza mbinu yake haukuwa wa shayiri wala wa pombe bali wa usingizi. Aliutoa kwa Cushny na Peebles, ambao mwaka 1905 walichapisha matokeo ya kuwapa dawa za usingizi wagonjwa wa hospitali ya maradhi ya akili huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Student aliwachukua wagonjwa kumi. Kila mmoja alikuwa ametumia dawa ya kwanza katika baadhi ya siku na dawa ya pili katika siku nyingine, na ikahesabiwa ni saa ngapi za usingizi zilizoongezeka kuliko usiku ambao hakupewa dawa. Dawa ya kwanza iliwaongezea, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, saa 0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0 na 2.0. Alama ya kutoa ina maana kuwa mgonjwa alilala muda mfupi kuliko kawaida yake. Dawa ya pili iliwaongezea wagonjwa walewale, kwa mfuatano uleule, saa 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6 na 3.4. Wastani wa dawa ya kwanza ni saa 0.75, na wa dawa ya pili ni saa 2.33. Dawa ya pili inaizidi ya kwanza kwa saa 1.58, yaani saa moja na dakika 35 hivi.

Je, ziada hiyo ni ya dawa au ni ya bahati tu? Hapa ndipo utamu wa kisa ulipo. Tukizichukua nambari za dawa ya kwanza tukazitia katika kapu moja, na za dawa ya pili katika kapu jingine, kana kwamba ni watu ishirini wasiojuana, kipimo cha Student hutupa 1.86, na uwezekano unaoambatana nacho ni 0.079. Maana yake ni kwamba, hata kama dawa hizo mbili zingekuwa na nguvu sawa, pengo la kiasi hiki au zaidi lingeweza kuzuka kwa bahati karibu mara 8 katika kila 100. Watafiti wengi, kwa desturi iliyopata umaarufu kutokana na kitabu cha R. A. Fisher cha mwaka 1925, huweka mpaka wao kwenye mara 5 katika 100. Mara 8 imepita mpaka. Wangesema hawana ushahidi wa kutosha, wakafunga daftari.

Sasa tuzirejeshe nambari hizo kwa wenyewe. Kwa kila mgonjwa tutoe alichopata kutoka dawa ya kwanza katika alichopata kutoka dawa ya pili. Tunabaki na tofauti kumi: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Wastani ni uleule, saa 1.58, ila kipimo cha Student sasa ni 4.06, na uwezekano ni karibu 0.003, yaani mara 3 katika 1,000. Hapana nambari iliyoongezwa wala mgonjwa mpya aliyelazwa. Kilichobadilika ni kwamba tumekumbuka nani ni nani.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Miili nayo ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa sita na wa saba walikuwa watu wa kulala: dawa yoyote uliyowapa iliwaongezea zaidi ya saa tatu. Mgonjwa wa nne dawa ya kwanza ilimpunguzia usingizi, na ya pili ikamwongezea dakika sita tu. Tunapowachanganya wote, tofauti hizi za mtu na mtu hupiga kelele kama soko la Jumamosi na kuimeza sauti ya dawa. Tunapomlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe, kelele hunyamaza, kwa kuwa ulalaji wake wa kimaumbile umo katika nambari zote mbili na hujifuta wakati wa kutoa. Anayetaka picha ya nyumbani na afikirie viatu vilivyovuliwa mlangoni mwa msikiti. Mwenye kuvikusanya vyote vya kushoto katika fungu moja na vya kulia katika fungu jingine hataweza kukuambia lolote kuhusu jozi yoyote, ingawa hakuna kiatu kilichopotea. Au tuseme ni doti ya leso: vipande viwili hutoka kiwandani vimeshikana, na anayevikata na kuvitupa katika rundo amepoteza kitu ambacho hakimo katika kipande chochote kimoja.

Kwa asiyependa hesabu za Student ipo njia nyepesi zaidi, nami huipenda kwa sababu hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Tazama tena zile tofauti kumi. Moja ni sufuri, tuiweke kando. Tisa zilizobaki zote zinaipendelea dawa ya pili. Kama dawa zingekuwa sawa, kila mgonjwa angekuwa kama sarafu iliyorushwa, leo kichwa kesho mwenge. Sarafu kuangukia upande mmoja uliotajwa mara tisa mfululizo ni bahati ya mara 1 katika 512, na tukihesabu pande zote mbili ni mara 1 katika 256. Ni vigumu kuamini kwamba bahati peke yake ilifanya kazi hiyo. Njia hii pia haitishwi na yule mgonjwa wa tisa ambaye tofauti yake ya saa 4.6 imewaacha wenzake mbali. Frank Wilcoxon, mwaka 1945, alitafuta njia ya katikati: kuzipanga tofauti kwa ukubwa wa nafasi zake badala ya kuzichukua kama zilivyo, ili mmoja mwenye sauti kubwa asiwafunike wengine. Na Quinn McNemar, mwaka 1947, alishughulikia jozi ambazo hazina nambari bali ndiyo na la. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, watu 100 wamepimwa malaria kila mmoja kwa hadubini na kwa kipimo cha haraka, na vipimo vimekubaliana kwa watu 80. Hao 80 hawatuambii ni kipimo gani chenye mazoea ya kusema ndiyo kuliko kingine. Wanaosema ni wale 20 waliotofautiana: ikiwa 15 wameegemea upande huu na 5 upande ule, tunauliza tena swali letu la sarafu.

Lazima niongeze kitu kimoja kuhusu data za Student, maana kinawahusu wafasiri. Majina ya dawa aliyoyaandika katika jedwali lake hayakuwa sahihi. Fisher akayatumia tena mwaka 1925, na kosa likazidi kuenea. Mwaka 1994 Stephen Senn na William Richardson walirudi kwenye makala asilia ya Cushny na Peebles na kueleza ilivyokuwa. Hesabu ilikuwa timamu, lebo ndizo zilizokwenda kombo. Nami kwa Kiswahili changu nilikuwa nimefanya jambo hilohilo: nimechukua hesabu timamu nikaibandika lebo isiyo yake.

Basi tuje kwenye lebo. Nashangaa kwamba tunahangaika kutafuta istilahi ya jambo ambalo isimu yetu imekuwa nalo miaka yote. Katika darasa la fonolojia, mwalimu huandika ubaoni tamu na damu. Maneno mawili, sauti nne kila moja, tatu ni zilezile katika nafasi zilezile. Imebadilika moja tu. Tunayaita jozi za mlinganuo finyu, na kwa jozi hizo tunathibitisha kwamba t na d ni fonimu mbili tofauti katika Kiswahili. Ni mantiki ya Kalamazoo hiyo: shikilia kila kitu mahali pake, badilisha kimoja, kisha tazama kilichotokea. Na sifa inayozitenga t na d, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti, tunaiitaje? Sifa bainifu. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili atakayekuambia kuwa sifa hiyo ni "kubwa". Mtetemo wenyewe ni mdogo mno. Ni bainifu kwa kuwa unatosha kutuambia kwamba tuko mbele ya vitu viwili wala si kimoja. Ndiyo maana napendekeza tuseme tofauti bainifu kitakwimu, na data za jozi kwa vipimo viwili vya mtu mmoja au vya watu wawili waliooanishwa. Maneno yote hayo tunayo tayari. Wakati wa korona, mwaka 2020, tulilichukua neno barakoa, lililokuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa Uarabuni na Zanzibar, tukalifanya vazi la kila abiria wa matatu. Hatukuunda jipya, tulitazama sandukuni.

Nimeisikia pingamizi moja nzito, nami sitaificha. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba ubainifu katika fonolojia ni wa kuwepo au kutokuwepo, ilhali katika takwimu ni suala la uwezekano: leo 0.049, kesho 0.051, na hapana ukuta baina yake. Amesema kweli. Neno bainifu lina hatari ya kumfanya msomaji adhani jambo limethibitishwa bila shaka. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kijalizo kitakwimu kisiachwe, na kwamba uwezekano wenyewe uandikwe kwa tarakimu. Hata hivyo, baina ya neno linaloweza kuzidisha uhakika na neno linalodanganya kuhusu ukubwa, nalichagua la kwanza. Tofauti muhimu nayo siiafiki, kwa kuwa umuhimu ni uamuzi wa daktari na mgonjwa, si wa fomula. Ama tofauti ya maana, inanivutia, ila katika mazungumzo ya kawaida kitu cha maana ni kitu cha thamani, na tumerudi palepale.

Ukubwa lazima utajwe kando, kwa jina lake. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa taarifa mwaka 2016 kikisema bayana kwamba ule uwezekano haupimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Ukiwapima watu elfu kumi kabla na baada, hata mshuko wa nusu milimita waweza kuwa bainifu. Ukiwapima watano, hata mshuko wa milimita kumi waweza usiwe. Kwa wagonjwa wa Kalamazoo taarifa kamili ingesema kuwa dawa ya pili iliizidi ya kwanza kwa wastani wa saa 1.58, na kwamba kiasi cha kweli huenda kiko kati ya saa 0.7 na saa 2.5 hivi. Dakika 40 au saa mbili na nusu: mgonjwa asiyelala anajua vizuri sana tofauti ya mambo hayo mawili. Hilo ndilo tulilopaswa kumfasiria.

Naomba nipite kidogo kwenye maziwa, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wenye umri kama wangu walilelewa na maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979 na ambayo pakiti zake za pembetatu hatujazisahau. Miongo mingi kabla ya hapo, mwaka 1930, watoto 20,000 wa Lanarkshire nchini Scotland walipimwa urefu na uzito mwezi Februari na tena Juni. Elfu kumi walipewa maziwa kila siku ya shule, na elfu kumi hawakupewa. Walimu waliruhusiwa kurekebisha makundi pale ilipoonekana kwamba kundi moja lina watoto wengi walionona au waliokonda. Kwa huruma, ambayo ni nani atakayeilaumu, inaelekea waliwaingiza waliokonda katika kundi la maziwa. Matokeo yakawa kwamba, mwanzoni kabisa, wasiokunywa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko wenzao. Tena watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo zao: wa jamaa zenye uwezo walivua makoti mazito ya Februari ilipofika Juni, lakini mtoto wa maskini hakuwa na koti la kuvua. Student, huyu huyu wetu, aliyachambua hayo mwaka 1931 na kusema kwamba jozi 50 za mapacha wa kufanana, mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe, zingetoa jibu la kuaminika zaidi kuliko watoto elfu ishirini. Mapacha mia moja! Kila ninapomsikia mtu akijigamba kwa ukubwa wa sampuli yake huwakumbuka watoto hao na makoti yao.

Wala nisifikiriwe kuwa ninaiuza jozi kama dawa ya kila ugonjwa. Muundo wa kabla na baada, ambao wanafunzi wetu wa elimu huupenda mno (wape mtihani, wafundishe kwa mbinu mpya, wape mtihani tena), una mtego wake. Mtu huenda kliniki siku presha yake imepanda. Ukimchagua kwa sababu ya kipimo hicho cha juu, kipimo cha pili kina uwezekano wa kushuka hata usipompa chochote, kwa kuwa siku mbaya aghalabu hufuatwa na siku ya kawaida. Francis Galton aliliona jambo la namna hii katika urefu wa wazazi na watoto wao, akaliandikia mwaka 1886. Kwa hivyo tofauti ya kabla na baada yaweza kuwa bainifu kabisa na bado isiwe kazi ya dawa. Ni lazima liwepo kundi jingine, lililooanishwa au lililogawanywa kwa kura, ambalo halikupewa dawa hiyo. Muhtasari niliofasiri haukutaja kundi la aina hiyo, nami sikuuliza. Mfasiri mwema huuliza.

Jambo la mwisho linahusu kukanusha, uwanja ambao Kiswahili kina utajiri na sisi tuna uvivu. Mtafiti anaposema hakupata tofauti bainifu, mfasiri huandika "hakuna tofauti". Douglas Altman na Martin Bland waliwaonya madaktari kuhusu hilo mwaka 1995: kukosa ushahidi wa kitu si ushahidi wa kukosekana kwake. Kumbuka kwamba data zilezile za Kalamazoo, zikitiwa katika makapu mawili, zilitupa jibu la aina hiyo. Mwenye kuandika kwamba dawa hizo hazina tofauti angekuwa amewanyima watu usingizi wa saa moja na nusu kwa sababu ya kiambishi kimoja. Sarufi yetu inatofautisha vizuri kati ya haikuonekana na haipo, na kati ya hatukupata na hakuna. Tuitumie.

Mzee yule sikumwona tena. Nimeiandika upya sentensi niliyomsomea, na kama ningepewa nafasi ningeisoma hivi: "Wazee wetu na ndugu zetu, kila mmoja wenu alipimwa mara mbili, nasi tumelinganisha kila mtu na nafsi yake. Kwa wengi wenu presha ilishuka, kwa wengine haikushuka. Kwa wastani ilishuka milimita chache tu. Mshuko huo ni bainifu kitakwimu, maana yake ni vigumu kuamini kwamba umetokea kwa bahati peke yake. Hatuwezi kusema kwamba ni mkubwa, wala hatujajua ni kiasi gani kimetokana na dawa, kwa kuwa hatukuwapima wenzenu wasioitumia. Anayetaka kujua chake aje na kadi yake, tutakisoma pamoja."